Printa Mpya, Programu ya DOS ya Zamani: Kisa cha Depo Moja ya Lubumbashi

Katika komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi ambalo mali yake yote, kuanzia misumari hadi mabati, imeandikwa ndani ya programu moja ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, tangu miaka ya 1990. Programu hiyo ilitungwa kwa Clipper, zana iliyotolewa na kampuni ya Nantucket mwaka 1985 na kuchukuliwa na Computer Associates mwaka 1992, nayo huhifadhi data katika mafaili ya DBF. Fundi aliyeitunga alihama zamani bila kuacha msimbo wake. Kilichobaki ni faili la EXE linaloiendesha programu, mafaili ya data, na mazoea ya makarani ambao vidole vyao vinajua njia ya kila menyu. Anayeuliza kwa nini duka halikununua programu mpya angepaswa kwanza kumwona karani akitoa boni, yaani hati ya kutolea mzigo, ya bidhaa nyingi kwa kibodi peke yake, mteja akiwa bado anahesabu fedha.

Kwa miaka mingi programu hii ilikaa kwenye kompyuta ya Windows XP iliyounganishwa na printa ya sindano, ile inayochapa kwa kugonga riboni, kwa kebo nene ya mlango sambamba (parallel port). Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu baada ya kukatika, kompyuta ikaungua. Kwa kuwa kichwa cha printa nacho kilikuwa kimeshapoteza baadhi ya sindano, mwenye duka aliona afadhali anunue vyote viwili vipya: kompyuta ya Windows 10 ya biti 64, na printa ndogo ya leza ya USB. Tangu hapo hakuna boni hata moja iliyotoka ipasavyo. Malalamiko yake, aliponiita, yalikuwa mafupi: “Imprimanti iko mupya, ordinateri iko mupya, juu ya nini boni haitoke?”

Jibu la swali hilo si moja, na hapo ndipo ugumu wa kisa chote ulipo. Wale waliolishughulikia jambo hili kabla yangu walikuwa watu wenye bidii, lakini walilichukua kama tatizo moja lenye dawa moja, hivyo kila dawa iliyoshindwa kuponya yote waliitupa, hata pale ilipokuwa imeponya sehemu yake. Printa ya sindano ya zamani ilikuwa ikifanya kazi kadhaa kimya kimya, na printa ya leza iliyochukua nafasi yake haikuweza kufanya hata moja kati ya hizo kwa namna ambayo programu ilitarajia.

Kuhusu kuifungua programu yenyewe nitapita haraka. Windows ya biti 64 haina ile sehemu iitwayo NTVDM iliyowezesha programu za biti 16 kufanya kazi ndani ya XP, kwa sababu prosesa ikiwa katika hali ya biti 64 haitoi tena hali ya kuigiza prosesa ya zamani ya 8086 ambayo NTVDM iliitegemea. Ndiyo maana faili la EXE lilipobofywa, Windows ilijibu kwa Kifaransa kwamba programu haiwezi kutekelezwa kwenye kompyuta hiyo. Mpwa wa mwenye duka aliweka DOSBox, kiigizi cha kompyuta ya DOS, na programu ikafunguka pamoja na data zake zote. Ilibidi tu kuongeza idadi ya mafaili yanayoruhusiwa kufunguliwa kwa wakati mmoja, la sivyo Clipper hutoa kosa namba 4 la DOS, ambalo maana yake ni kwamba mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Kijana huyo alifanya kazi nzuri, na sehemu hiyo haikuguswa tena.

Kwenye kuchapa, hata hivyo, programu ilisimama na ujumbe kwamba printa haiko tayari.

Njia ya herufi

Programu ya DOS haijui printa kama Windows inavyoijua. Haina orodha ya printa, haitafuti draiva (programu ya mfumo inayoiongoza printa), haiulizi ukubwa wa karatasi. Inachokijua ni jina LPT1, yaani mlango sambamba wa kwanza, na nyuma ya jina hilo kuna anwani ya kifaa, kwa kawaida 378 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambako hutupa baiti, yaani namba inayosimamia herufi au amri, moja baada ya nyingine ikiamini kwamba upande wa pili kuna mashine inayozipokea. Clipper huuliza kwanza kama mashine hiyo ipo. DOSBox ya kawaida haina mlango wa LPT wa kuigiza, kwa hiyo jibu lilikuwa hapana, na ujumbe ule ulikuwa wa kweli kabisa.

Muuzaji mmoja mjini alipendekeza kebo ya kubadilisha USB kuwa mlango sambamba, nayo ikanunuliwa. Ilikuwa fedha iliyopotea kwa sababu mbili. Kebo za namna hiyo zimetengenezwa ili kompyuta yenye USB iweze kuitumia printa ya zamani, ilhali hapa printa ndiyo iliyokuwa mpya na haikuwa na mlango sambamba wa kuchomekea. Isitoshe, hata ingekuwa na mlango huo, kebo hiyo haiundi LPT1 yenye anwani yake. Windows huiona kama printa ya USB tu, na programu ya DOS isingeiona hata kidogo.

Ushauri mwingine unaosikika sana kwa mafundi ni ule wa amri ya NET USE, inayolifunga jina LPT1 na printa iliyoshirikishwa kwenye mtandao. Ni ushauri mzuri mahali pake: kwenye Windows ya biti 32, na kwa printa inayoelewa maandishi, umeokoa ofisi nyingi. Lakini amri hiyo hubadilisha njia tu. Baiti zinazopita humo hufika kama zilivyotumwa, na kama printa haielewi lugha yake, kufika kwake hakumsaidii mtu.

Lugha ya printa

Kabla mwenye duka hajatumwa tena mjini kununua kifaa kingine, nilitaka kujua jambo moja tu: je, printa hii ya leza inaelewa maandishi? Jaribio lake ni jepesi, na linaweza kufanywa hata dukani kabla ya kulipa. Printa hushirikishwa kwa jina fupi, tuseme LEZA, kisha faili dogo la maandishi matupu hutumwa moja kwa moja kwa amri ya copy /b jaribio.txt \\localhost\LEZA, bila kupitia draiva. Windows ilijibu kwamba faili limenakiliwa, taa ya printa ikamulika kidogo, na karatasi haikutoka. Nilirudia na faili lenye baiti 12 mwishoni, ambayo ni amri ya kutoa ukurasa, na matokeo hayakubadilika.

Kimya hicho kilieleza mengi. Printa nyingi za leza za bei nafuu hazina ndani yake herufi wala akili ya kupanga maandishi. Kazi hiyo yote hufanywa na draiva ndani ya Windows, ambayo huuchora ukurasa mzima kama picha na kuituma kwa utaratibu unaoeleweka na printa hiyo peke yake. Mashine ya aina hii inafanana na mpiga chapa asiyejua kusoma: atakunakilia picha yoyote kwa usafi, lakini ukimsomea barua aiandike, atakutazama tu.

Kontable (mhasibu) wa duka alikuwa na printa nyingine ya ofisi, kubwa zaidi na ya zamani kidogo, inayoelewa lugha ya PCL. Jaribio lile lile huko lilizaa matunda: maandishi yalitoka, ingawa ukurasa ulibaki ndani ya mashine mpaka baiti 12 ilipotumwa, kwa kuwa printa ya leza huchapa ukurasa mzima kwa mkupuo na husubiri kuambiwa kwamba umekwisha. Furaha ilikuwa kubwa, na tayari kulikuwa na wazo la kubadilishana printa. Kisha tukatuma boni halisi, iliyohifadhiwa kwanza kwenye faili kwa kutumia menyu ya programu yenyewe. Jina la duka lilitoka peke yake juu ya karatasi ya kwanza, na mwili wa boni ukatoka kwenye karatasi ya pili.

Hapa nitatua kidogo, kwa sababu tukio hili huwachanganya wengi, na wengine hudhani roli za karatasi zimeharibika. Programu iliandikwa kwa ajili ya printa zinazofuata lugha ya Epson, iitwayo ESC/P. Katika lugha hiyo, baiti 27 ikifuatwa na herufi E maana yake ni “anza herufi nzito”. Katika PCL, alama hizo hizo mbili maana yake ni “jirudishe katika hali ya mwanzo”, na printa ikijirudisha hutoa kwanza ukurasa ulio mkononi. Kila mahali ambapo mtunzi wa programu alitaka herufi nzito, printa ya kontable ilitupa karatasi. Baiti 15, ambayo kwa Epson hubana herufi ili safu 132 zienee kwenye karatasi ya kawaida, kwa PCL ni amri ya kurudi kwenye herufi za msingi. Kwa hiyo orodha ya bidhaa ilitoka kwa herufi pana na kukatwa upande wa kulia, pale pale ilipo safu ya bei. Ningeweza kuzibadilisha alama hizo moja moja ndani ya faili la EXE kwa kihariri cha baiti, na wapo mafundi wanaojivunia kazi hiyo, lakini siipendi: amri za PCL ni ndefu kuliko za Epson na nafasi ndani ya faili haitoshi, na duka hili lina nakala chache mno za faili hilo kuweza kuvumilia jeraha.

Herufi zenye alama

Mpwa wa mwenye duka alikuwa tayari amejaribu njia yake mwenyewe. Alihifadhi boni kwenye faili, akalifungua kwa Notepad, akalichapa kwenye leza kupitia Windows. Karatasi ilitoka, lakini badala ya “Désignation” iliandikwa “D‚signation”, badala ya “Quantité” ikawa “Quantit‚”, na fremu ya jedwali ikageuka kuwa “ÚÄÄÄÄ¿”. Wateja walicheka, kontable hakucheka.

Njia hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake kuliko alivyodhani. Ilionyesha kwamba leza huchapa vizuri mara tu Windows inapoichorea ukurasa. Kilichobaki ni tofauti ya majedwali ya herufi, yaani orodha zinazosema kila baiti ni herufi gani. Katika jedwali namba 850, linalotumiwa na DOS kwa Kifaransa, na pia katika lile la zamani zaidi namba 437, baiti 82 ya msingi wa kumi na sita ni é na baiti C4 ni mstari mlalo wa fremu. Katika jedwali 1252 la Windows, baiti hizo hizo ni alama inayofanana na koma na herufi Ä. Data za duka hazikuharibika hata chembe. Zilisomwa kwa jedwali lisilo lao. Nilisisitiza jambo hili kwa mwenye duka, kwa sababu karani mmoja alikuwa ameshaanza “kusahihisha” majina ya bidhaa ndani ya programu ili yatoke vizuri kwenye Notepad, na kazi hiyo ilibidi irudishwe nyuma.

Kiigizi chenye printa ndani yake

Kwa hiyo kulihitajika kitu kati ya programu na leza: kitu kinachojibu kwa jina la LPT1, kinachoelewa lugha ya Epson, kinachosoma jedwali 850, kisha kinachomkabidhi Windows ukurasa uliokwisha kuchorwa. DOSBox-X, tawi la DOSBox lililopanuliwa na watu wengine, lina kitu hicho ndani yake. Katika faili lake la mipangilio, mlango wa kwanza huelekezwa kwa neno parallel1=printer, na sehemu iitwayo printer huwashwa ili kiigizi kijifanye printa ya Epson, kikitoa kurasa zake kwenye printa yoyote ya Windows. Ile leza isiyojua kusoma ilikuwa sasa inapewa picha, yaani kitu pekee ilichokitaka tangu mwanzo.

Orodha ya bidhaa ilitoka na é zake, fremu zake na safu zake 132. Palikuwa na marekebisho mawili yanayostahili kutajwa. La kwanza ni urefu wa ukurasa. Programu ilitungwa kwa karatasi ya mkunjo, yaani kurasa zilizoungana, ya inchi 11, yenye mistari 66 kwa kiwango cha mistari 6 kwa inchi, nayo haitumi baiti ya kutoa ukurasa bali huhesabu mistari tu. Karatasi ya A4 ina inchi 11.69, ambayo ni mistari 70. Mtu mwangalifu aliyeandika vipimo vya A4 katika mipangilio angeona kila ukurasa ukianza mistari minne juu kuliko ule uliotangulia, hadi vichwa vya safu vielee katikati ya karatasi. Urefu wa ukurasa wa kiigizi uliachwa kwenye inchi 11, na ukanda mtupu chini ya A4 haumdhuru mtu.

La pili ni muda wa kusubiri. Kwa kuwa kiigizi hakijui kazi imekwisha lini, huwekewa muda ambao, usipopita na baiti mpya, ukurasa hutolewa kama ulivyo. Muda mfupi humfurahisha karani, lakini orodha ndefu, ambayo programu huipanga polepole huku ikisoma mafaili, ilikatwa katikati ya ukurasa. Tuliurefusha, na karani akazoea kusubiri kidogo mwishoni.

Sentineli wa geti

Kama kisa kingeishia kwenye orodha, ningesema kimekwisha. Boni za kutoka zilikuwa habari nyingine, na mtu aliyelionyesha hilo hakuwa fundi.

Boni ya duka hili huchapwa kwenye karatasi ya mkunjo ya nakala tatu, yenye namba zilizochapwa tayari na mpiga chapa. Sindano za printa hugonga riboni, na pigo moja hupita kwenye nakala zote: nyeupe ya mteja, ya waridi ya depo, ya njano ya geti. Leza haigongi kitu. Tuliweza kuamuru nakala tatu kupitia draiva, na zikatoka safi. Sentineli wa geti aliipokea nakala yake, akaigeuza, akauliza namba yake iko wapi, kisha akakataa kulifungulia gari lililobeba saruji.

Wengine walimwona mkaidi. Mimi naona alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Boni ya zamani ilikuwa na namba isiyoweza kurudiwa, na nakala zake zilizaliwa kwa pigo moja. Mtu hakuweza kutengeneza ya pili bila kuharibu karatasi yenye namba yake, na karatasi iliyoharibika ilibaki kwenye mkunjo ikionekana. Boni ya leza huweza kuchapwa asubuhi na kuchapwa tena jioni, na mzigo ule ule ukatoka mara mbili kwa karatasi mbili zinazofanana kabisa. Programu yenyewe haizuii kurudia kuchapa, kwa sababu mtunzi wake aliiachia printa ulinzi huo. Tungeweza kumpa sentineli daftari la kuandika namba za programu na kuzilinganisha, lakini geti la depo saa ya asubuhi, magari yakiwa yamepangana hadi barabarani, si mahali pa kulinganisha namba kwenye daftari.

Palikuwa pia na hoja ya karatasi. Boni ina urefu wa mistari 33, nusu ya ukurasa wa inchi 11. Kwenye leza, boni ya kwanza husubiri ya pili ijaze nusu ya chini, au muda wa kusubiri huisha na nusu ya A4 ikatoka tupu, mara tatu kwa kila mteja.

Mwenye duka hakufurahi kusikia kwamba anahitaji printa nyingine, tena ya sindano, lakini alilielewa jambo la geti upesi kuliko mambo yote ya baiti niliyokuwa nimemweleza. Ilinunuliwa Epson LX-350, printa ya sindano 9 yenye USB pamoja na mlango sambamba, inayoweza kupitisha pigo lake hadi nakala nne nyuma ya karatasi ya kwanza. Kwa kuwa inaelewa ESC/P kwa asili, haikuhitaji mkalimani. Kwa bahati nzuri, mtunzi wa programu alikuwa ameacha katika faili la vigezo nafasi mbili za mlango, moja ya boni na moja ya orodha, zote zikiwa zimeandikwa LPT1. Ya boni iligeuzwa kuwa LPT2. Ndani ya kiigizi, mlango wa pili huandika baiti kama zilivyo kwenye faili, na amri ile ile ya copy /b tuliyoitumia kwenye jaribio hulipeleka faili hilo kwenye printa iliyoshirikishwa. Jedwali la herufi lilichaguliwa kwenye mipangilio ya printa yenyewe, likiwa namba 850.

Kama LX-350 ingenunuliwa siku ya kwanza badala ya leza, uchambuzi huu ungekuwa mfupi sana. Hata hivyo leza haikupotea bure. Kontable sasa huzielekeza orodha zake, kupitia kiigizi kile kile, kwenye printa ya Windows inayotoa PDF, na mwenye duka huzisoma kwenye simu akiwa Kasumbalesa akisubiri mzigo upite forodhani.

Usaidizi wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. DOSBox-X hufanya kazi pia kwenye Windows 11 na kwenye Linux, na programu yote pamoja na data na mipangilio yake ni folda moja, ambayo tuliinakili kwenye kompyuta ya kontable na kuijaribu huko. Kizuizi kimoja kimebaki. Hatujajaribu kama kiigizi hiki kinayalinda mafaili ya DBF yanapoandikwa na kompyuta mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kontable hufungua nakala ya jana kwa kusoma tu, na anayeandika ni karani wa depo peke yake. Siku watakapotaka kuandika wote wawili, ningeanza kwa kuijaribu vDos, kiigizi kingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya programu za biashara na inayozingatia ufungaji wa mafaili, na ningeijaribu kwanza kwenye nakala.